Mdogo wangu kafungwa miaka 22, rufaa inaanzia wapi?

SWALI: Afande, salamu. Mdogo wangu amehukumiwa na Mahakama Kuu hapa Arua miaka 22 kwa kunajisi mtoto wa miaka 11. Wiki tatu zimepita. Anasema hakufanya, na shahidi wa tendo lenyewe alikuwa mtoto peke yake. Baba mdogo anataka tuuze ng'ombe wawili tuwape wazazi wa mtoto wafute kesi. Wakili wetu hapokei simu. Tufanye nini?
Dada yake, Arua

JIBU: Dada, ng'ombe wabaki zizini. Kesi si ya wazazi wa mtoto. Kwenye jalada imeandikwa Uganda dhidi ya mdogo wako, na hukumu ikishatoka hakuna mzazi wa kuifuta. Mkipeleka mali kule mnajitafutia shtaka jipya, na mnamsumbua mtoto ambaye ameshasimulia mambo mazito mbele ya watu wazima asiowajua. Mwambie baba mdogo hivyo, kwa heshima yake, lakini mwambie leo.

Notisi ya rufaa hutolewa ndani ya siku 14 tangu hukumu. Mmechelewa, au pengine hamkuchelewa. Nilipokuwa ofisi ya mapokezi gerezani, wengi walitia dole gumba kwenye notisi siku za mwanzo wakasahau kuwaambia jamaa zao. Sheria inamruhusu mfungwa kupitishia rufaa kwa mkuu wa gereza, naye huipeleka kwa msajili wa mahakama. Ukienda kumwona, hilo ndilo la kwanza kumuuliza. Kama hakutia, aombe kuongezewa muda na aeleze sababu. Wakili aliyewatelekeza ni sababu inayosikilizwa.

Wakili mwingine asiwatoe jasho sana. Adhabu ya juu ya kosa hili, mtoto akiwa chini ya miaka 14, ni kifo, hivyo Katiba inampa mshtakiwa wakili wa kulipwa na Serikali. Mahakama ya Rufaa nayo humpangia asiye na uwezo.

Hiyo hoja ya mtoto peke yake nimeisikia kwa wafungwa wengi, na naiona dhaifu. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilisema ushahidi wa mwathirika mmoja unatosha ukiaminika. Nakubaliana nao: nani hunajisi mtoto mbele ya mashahidi? Penye uzito ni kwenye kiapo. Jaji hutakiwa kumhoji mtoto mdogo kwanza aone kama anaelewa maana ya kuapa. Akitoa ushahidi bila kiapo, sheria inataka ushahidi mwingine wa kuutilia nguvu: fomu ya daktari, kwa mfano, au mtu aliyemwona mtoto mara baada ya tukio. Majaji watatu wa rufaa hawatawaita mashahidi upya. Watasoma yaliyoandikwa na kuyapima wenyewe. Yasiyoandikwa hayatawasaidia.

Angalieni pia muda aliokaa rumande. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2017, jaji anatakiwa kuutoa kwenye kifungo kwa hesabu kamili. Ila mfahamu kwamba mahakama ya rufaa ina uwezo wa kupunguza adhabu na kuiongeza vilevile.

Basi Jumatatu nenda kwa msajili pale Mahakama Kuu na namba ya kesi, uombe kwa maandishi nakala ya hukumu na mwenendo wote wa kesi. Barua yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ubaki nayo.