Saa ya kuzamia kwa pumzi moja
Kwa kuwa unazamia bila mtungi na unataka saa ambayo programu yake ya ndani inaweza kusasishwa, ningekushauri uanze na Garmin Descent G1, ambayo ina mpangilio maalumu wa kuzamia kwa pumzi moja na hupokea masasisho kupitia simu au kompyuta. Suunto D5 nayo inafaa, ila masasisho yake huhitaji kebo na programu ya SuuntoLink, jambo linalochosha kidogo ukiwa safarini. Usisasishe usiku wa kuamkia siku ya kuzamia. Na ukishasasisha, kagua kengele za kina pamoja na ile ya mapumziko ya juu ya maji, ambayo wengi huyaweka angalau mara mbili ya muda waliokaa chini.