Mwajiri ni mmoja, duka ni moja

Swali la wiki hii liliuliza: utawala wa kiimla wa kikomunisti una tofauti gani na udikteta mwingine?

Wengi watajibu, chama kimoja. Hilo halitoshi. Kenya nayo ilikuwa ya chama kimoja kisheria tangu 1982 hadi 1991, na sisi hapa Lamu tuliendelea kumuuzia samaki yeyote mwenye pesa. Aliyemuudhi mkubwa alipata taabu, naam, lakini kitoweo chake hakikutoka mkononi mwa huyo mkubwa.

Katika Muungano wa Kisovieti wa Stalin kilitoka kwake. Chama kilishika serikali, viwanda, nyumba na maduka. Kuanzia meneja wa kiwanda hadi mhariri wa gazeti, hakuna aliyepata cheo bila baraka za chama. Ukifukuzwa kazi, utakwenda kwa nani?

Tazameni Ukraini, iliyokuwa jamhuri ndani ya Muungano huo. Mashamba yaliunganishwa kwa nguvu, serikali ikadai nafaka kwa kiwango ilichojipangia yenyewe. Sheria ya Agosti 1932 ilimhukumu kifo au kifungo cha miaka 10 mwizi wa mali ya shamba la pamoja, na watu walifungwa kwa kuokota masuke. Januari 1933 wakulima wakakatazwa kutoka kwenda kutafuta chakula kwingine. Nafaka ikaendelea kuuzwa ng'ambo. Walikufa mamilioni.

Upande wa bei naujua zaidi, maana ndiyo kazi yangu. Kusi ikivuma mashua hazitoki, bei ya samaki changu hupanda, na mji mzima huelewa bila kutangaziwa. Kule Moscow bei zilipangwa ofisini, kwa hiyo hazikumwambia mtu lolote. Uhaba ulionekana kwenye foleni tu. China ya 1958 ilizidi: viongozi wa wilaya walitangaza mavuno ya uongo wamfurahishe Mao, kiongozi wa nchi, serikali ikachukua fungu lake kwa hesabu hiyohiyo ya uongo, mkulima akabaki na chungu kitupu.

Watetezi watanitajia Gagarin, Msovieti aliyekuwa mtu wa kwanza kufika angani, na shule. Sibishi. Lakini wakuu wenyewe walijua palipooza. Vishamba vya binafsi vya wakulima wa Kisovieti vilikuwa kama asilimia 3 tu ya ardhi iliyolimwa, vikatoa takriban robo ya mazao ya kilimo. Khrushchev, aliyeongoza baada ya Stalin, alivibana, alipoondolewa 1964, waliomrithi wakavilegezea, maana miji ilikuwa ikila humo.