Kitufe cha dharura katika chumba cha seva

SWALI: Ofisi yetu ina chumba cha seva chenye makabati manne, UPS moja kubwa, na mitungi ya gesi ya kuzimia moto iliyofungwa mwaka huu. Fundi umeme anasema kwamba moto ukitokea, meni swichi iliyoko koridoni inatosha, hivyo hatuhitaji kitufe cha dharura. Je, ni kweli? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Si kweli, na unaweza kulithibitisha hilo siku ya matengenezo. Shusheni meni swichi, kisha chungulia ndani: taa ndogo za kijani za seva zitaendelea kupepesa kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa kuwa UPS imenunuliwa kwa kazi hiyo hasa, yaani kutoa umeme wa betri pale ule wa gridi unapokatika. Kitufe cha dharura kinachostahili jina hilo hukata kwa mkupuo mmoja umeme wa gridi, wa jenereta na ule unaotoka kwenye UPS.

Jambo hili linaihusu mitungi yenu moja kwa moja. Gesi kama FM-200 hujaza chumba ndani ya sekunde 10 na kuua mwali, lakini haiondoi chanzo chake. Waya uliochubuka ukiendelea kupitisha umeme, cheche zitauwasha moto upya gesi itakapokuwa imevuja chini ya mlango, na wakati huo mitungi itakuwa mitupu. Kwa hiyo mfumo upangwe hivi: vitambua moshi viwili vikikubaliana, king'ora kilie, watu wapewe kama nusu dakika ya kutoka, viyoyozi na umeme vikatwe, ndipo gesi itoke. (Kama mitungi yenu ni ya kaboni dayoksaidi, kutoka huko si hiari: kiwango kinachozima moto huua mtu.)

Tarehe 10 Machi 2021, jengo la seva la SBG2 la kampuni ya OVHcloud, mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea. Halikuwa na mfumo wa kuzima moto unaojiwasha wenyewe, wala swichi moja ya nje ya kukata umeme wote; taarifa ya zimamoto ilieleza kwamba kuukata kulichukua takriban saa tatu, huku cheche zikiruka.

Kitufe chenyewe kiwe karibu na mlango, ila kisikae ubavuni mwa kile cha kufungulia mlango. Nimewahi kuona ofisi ambayo mgeni, mikono ikiwa imejaa maboksi, alibonyeza chekundu badala ya cheupe na kuzima huduma zote saa nne asubuhi. Kifuniko cha plastiki cha kuinua kwa kidole kingetosha kumzuia. Tena, fundi awaonyeshe swichi ya betri zenyewe, maana hata kitufe kikishabonyezwa, ndani ya kabati la betri umeme bado upo, na askari wa zimamoto lazima aambiwe hivyo kabla hajaingia.