Siku moja Udzungwa: twende wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mwezi wa saba, baada ya Mikumi, tutapita Mang'ula mimi, mume wangu na mama mkwe, ambaye magoti humsumbua akishuka mteremko. Tuna siku moja tu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Jirani anasema tupande kilele cha Mwanihana, maporomoko ya maji ni ya watoto. Wewe unasemaje? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo jirani sidhani kama amepanda Mwanihana. Kilele kile kinapita mita 2,100, na watu hukiendea na mahema. Achaneni nacho.

Udzungwa ni hifadhi ya miguu. Tangu itangazwe mwaka 1992 watalii huingia msituni kwa kutembea, kwa hiyo msitegemee kumzungusha mama garini kama mtakavyofanya Mikumi.

Ninyi wawili nendeni maporomoko ya Sanje. Mnajiandikisha makao makuu Mang'ula, mnapewa mwongozaji (ni lazima, msijaribu kubana matumizi hapo), kisha mnarudi kwa gari kama kilomita 10, upande wa Kidatu, hadi Sanje. Mzunguko huo huhesabiwa saa nne. Mimi huwaambia watu watenge sita, maana pale kwenye maji hakuna anayeondoka upesi. Yanaanguka kwa awamu tatu, jumla zaidi ya mita 170, na ukiwa juu unaliona bonde la Kilombero na mashamba ya miwa mpaka macho yachoke. Kuna mahali pa kuogelea pia. Maji ni ya baridi, mtapiga kelele, lakini mwulizeni mwongozaji kwanza wapi pana usalama.

Fikeni lango linapofunguliwa. Asubuhi ndiyo mnawaona mbega wekundu wakila majani juu ya miti. Na mwongozaji akisimama ghafla akanyamaza, nanyi nyamazeni: huenda amemsikia ngolaga wa Sanje, kima yule mwenye kishungi. Wanasayansi hawakumjua hadi mwaka 1979, na porini anaishi kwenye milima hii tu. Wageni wengi hupita chini yake wakipiga soga, kisha wanalalamika hawakuona kitu.

Kupanda kutawatoa jasho, lakini kinachoumiza watu Sanje ni kushuka. Mizizi na mawe huteleza hata kiangazi, na vidole vya miguu vinagonga mbele ya kiatu hatua kwa hatua. Kateni kucha siku moja kabla. Vaeni viatu vyenye meno, suruali ichomekwe ndani ya soksi. Siafu hawapigi hodi.

Mama mkwe asubuhi apumzike. Alasiri mkirudi, nendeni naye kwenye maporomoko ya Prince Bernhard, karibu na makao makuu, mwendo usiofika saa moja. Ni madogo, sitawadanganya, ila kivuli ni kizuri na mbega hupita maeneo hayo. Kuna pia njia ya maporomoko ya Sonjo, kama kilomita 2.5, lakini kwa magoti hayo nisingemshauri baada ya saa tisa.

Fimbo yake mje nayo kutoka nyumbani. Ndani ya hifadhi hamkati hata kijiti.