Barua kwa mwanangu: ile hela ya Glasgow

Mama, salama huko Dodoma? Sisi huku wazima, baridi tu ndo inatutafuna, hii Isyesye ya hapa Mbeya tulikohamia ina upepo kuliko Soweto tulikotoka, jioni ikifika saa kumi na mbili kila mtu ameshavaa sweta mbili.

Umeniuliza kwenye simu na mimi nikakuzungusha, mama yako kasema mjibu mtoto kwa maandishi maana ukiongea hufiki mwisho. Swali lako lilikuwa hivi: baba, nyumba haina hata vioo chumba cha nyuma, mnahama mbiombio, na bado umelipia mkutano wa watu wa hadithi za kubuni za sayansi huko Glasgow, Uskochi, tena wa kuangalia kwenye simu, unapata nini humo? Af ukaongeza, na hiyo riwaya unaandika saa ngapi.

Naanza na la mwisho maana ndo rahisi. Naandika alfajiri saa kumi mpaka saa kumi na mbili kasoro, kama zamani ulivyokuwa unaamka kwenda shule unanikuta mezani. Wakati wa kuhama niliandika jikoni kwenye ndoo iliyofunikwa ubao, umeme ulikuwa haujavutwa bado, jirani alitupitishia waya wa kuchajia simu na taa moja, yani huyo jirani Mungu ambariki, hata jina letu alikuwa hajalishika vizuri.

Tulihama siku ya Nane Nane yenyewe, sikukuu ya wakulima, kwa sababu mwenye nyumba alishapata mpangaji mwingine na kenta lilipatikana siku hiyo tu. Sasa we unaijua barabara ilivyo, hii ya njia nne ya Nsalaga mpaka Ifisi walikuwa bado wanachimba, vumbi, magari yanapishana upande mmoja, halafu siku hiyo nusu ya mji inaelekea viwanja vya John Mwakangale kuangalia ng'ombe na matrekta. Tulikaa foleni mpaka vijana wa kubeba wakashuka wakanunua mahindi ya kuchoma wakala wakamaliza gari halijasogea. Maboksi ya vitabu waliyalalamikia sana, mmoja akaniuliza mzee humu umepakia tofali? Nikamwambia tofali zimetangulia saiti, hizi ni karatasi. Kaunta buku za riwaya sikuzipandisha nyuma, nilizipakata kwenye mfuko wa rambo kiti cha mbele, dereva akawa anadhani ni hela.

Nikwambie kitu kimoja kuhusu kuhama ambacho mtu asiyeandika hawezi kukithamini. Unajua riwaya yangu inahusu kile kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma mlilopelekwa na shule mkalipanda mkapiga picha. Kwenye riwaya kinaanza kutoa joto usiku, na watu wa vijiji vya jirani wanaambiwa waondoke kabla hakujapambazuka. Sura ya tisa ndo hiyo familia inafungasha. Nilikuwa nimewabebesha albamu ya picha, vyeti, biblia, vitu ambavyo kwenye filamu watu huwa wanakimbia navyo. Sasa mama yako bila kuniuliza akachukua kaunta buku hiyohiyo, akageuza nyuma, akaandika orodha yake ya vitu vya kupakia kwanza. Ninayo hapa: maharage ya mbegu, jiko la mkaa (la gesi limeandikwa chini kabisa), kinu na mchi, blanketi zote, ndoo ya maji IJAE, viatu vya mvua, kuku wawili wale weusi, funguo za nyumba ya zamani. Vyeti havimo kabisa. Nilipomuuliza akasema vyeti viko kwenye pochi yangu toka juzi, hivyo sio vya kuandikia orodha. Mama, hiyo orodha nimeiingiza kwenye sura ya tisa kama ilivyo, mpaka na funguo, maana mtu anabeba funguo za nyumba ambayo hatarudi na hakuna hata mmoja anayemuuliza kwa nini. Sura nzima imekaa sawa.

Haya, Glasgow. Huu mkutano unaitwa Worldcon, wa kwanza ulifanyika New York mwaka 1939, vita ilipokuja ukasimama 1942 mpaka 1945, kisha ukaendelea kila mwaka mji mwingine. Mwaka 2023 ulikuwa Chengdu, China. Glasgow hii ya 2024 ni mara yao ya tatu, walishaupokea 1995 na 2005. Kilichonivuta mimi ni kwamba hakuna wizara wala kampuni ya vitabu inayouendesha, ni wasomaji. Wanaoupanga hawalipwi, wanajitolea, wengine ni wastaafu kama mimi, na wanachama wenyewe ndo wanapendekeza na kupiga kura ya tuzo ya Hugo, ile ya hadithi bora za mwaka za aina hii. Wanakaa hata kikao cha katiba, mama, wanabishana kifungu kwa kifungu kama kikao cha ukoo kinachogawa shamba, nilicheka mpaka mama yako akaja kuangalia.

Usidhani ni malaika. Mwezi wa saba, mkutano haujaanza, waandaaji walitangaza wamefuta kura 377 kati ya 3,813, walikuta kuna uanachama umelipiwa wa watu hewa ili mshindani mmoja apite, ila wakasema hawana ushahidi kama mshindani mwenyewe alijua. Wanachama hewa! Nikaona kumbe hawa ni wenzetu kabisa. Lakini walihesabu, wakasema hadharani, wakatoa na namba. Mimi nimewahi kupeleka mswada kwenye shindano moja huku kwetu, mpaka leo sijaambiwa hata kama ulifika.

Masaa hayakuwa shida sana, sisi tuko mbele yao masaa mawili tu kipindi hicho, kwa hiyo kikao chao cha saa mbili usiku kwangu ni saa nne. Bando ndo lilikuwa linaniua. Nilikuwa nazima picha nabaki na sauti, nimejifunika blanketi, maboksi pande zote, nasikiliza watu wanabishana kama roboti anaweza kurithi mali. Vingine nilivipita, kuna vya mavazi ya sherehe na vya kuuza vitabu ambavyo bila kuwepo pale havina maana.

Lakini kuna kikao kimoja cha watu wachache, mnaongea kila mtu zamu yake. Ilipofika kwangu nikawaambia ninakotoka kuna jiwe lililoanguka toka angani, la chuma na nikeli, refu kama mita tatu, uzito zaidi ya tani kumi, na ukifika unaona mahali palipokatwa kipande cha kupimia. Mama mmoja akauliza shimo lake lina ukubwa gani. Nikamjibu hakuna shimo. Wakanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Kumbe wanafikiria. Akaanza mmoja, kama hakuna shimo basi liliburuzika, mwingine akasema hapana, limeanguka zamani mno mvua na udongo vikafukia kila kitu, na hiyo ndo wanayoisema wataalamu. Wakaniuliza wenyeji wanasemaje, nikawaeleza niliyoyasikia kwa wazee wa Kinyiha, jiwe lilijulikana muda mrefu kabla wazungu hawajaliandika mwaka 1930 na watu hawakupenda kulisemasema. Nilikaa na watu wasionijua, tunajadili jiwe la Mbozi zaidi ya nusu saa, na hakuna aliyeniuliza hivi vitabu vyako vinalipa?

Hilo swali la kulipa naulizwa kanisani, naulizwa Mwanjelwa sokoni, hata fundi bomba kaniuliza. Silalamiki, watu wana shida zao. Ila mtu ukiandika miaka yote hiyo bila kukutana na msomaji wa aina yako unaanza kuandika kwa kuogopa, unaelezea mno, unaomba radhi kila ukurasa kwamba samahani hapa kuna chombo cha angani. Nimefuta maelezo mengi toka mwezi wa nane.

Af jambo ambalo sikulijua: tuzo yao haina sharti la Kiingereza. Kitabu cha Kiswahili kikitoka mwaka huu kinaruhusiwa kupendekezwa, na kikija kutafsiriwa Kiingereza mwaka mwingine kinaruhusiwa tena kwa mwaka ule. Kwenye karatasi tumo. Tatizo wapiga kura wanaosoma Kiswahili ni wa kutafuta kwa tochi, kwa hiyo usianze kunishonea suti.

Nimeongea na mwalimu mmoja wa sekondari hapa jirani, tunataka Jumamosi moja ya mwezi wanafunzi waje hapa sebuleni wasome sura moja kwa sauti waibomoe. Viti hakuna, watakalia maboksi ya vitabu, angalau yatapata kazi.

Vioo: fundi wa aluminiamu ameshapima, anasubiri hela. Ile uliyosema utachangia tuma kwenye namba ya mama yako, usitume kwangu. Mkutano wa 2025 ulipangiwa Seattle, Marekani.

Baba yako.