Usitoe hata senti kabla ya kuiona hati

Dada yangu, pole na presha. Unasema dalali amekuonyesha nyumba Isyesye, hapo Mbeya, anataka malipo ya awali leo kwa sababu "kuna mteja mwingine njiani". Huyo mteja yupo kila mara. Mwache atangulie.

Dalali kazi yake ni kukukutanisha na mwenye nyumba, na kamisheni yake mkubaliane mapema kwa maandishi, nani analipa na lini. Fedha ya nyumba isipite mkononi mwake. Iende benki, kwenye akaunti ya muuzaji.

Omba nakala ya hati, kisha fanya upekuzi rasmi, yaani kukagua kumbukumbu za umiliki, kwa Msajili wa Hati, ofisi ya serikali inayozitunza. Hapo ndipo utajua jina la mmiliki na kama nyumba imewekwa rehani. Kaka yangu aliruka hatua hii, akanunua nyumba yenye mkopo wa benki. Mpaka leo inaniuma.

Muuzaji ana mke? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa yake kuuza nyumba ya familia. Mwone mwenyewe, asaini mbele yako. Kama ni ya urithi, dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi.

Nenda pia bila dalali, siku ya mvua ikiwezekana, maana Mbeya mvua inasema ukweli wote. Waulize majirani na mwenyekiti wa mtaa kuhusu mipaka. Mkataba auandike wakili uliyemchagua wewe, na humo iandikwe nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida inayopatikana kwa kuuza nyumba.