Maswali ya Wasomaji: Kibonzo Kinachoeleweka kwa Mtupo Mmoja wa Jicho

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kijana ninayejifunza kuchora vibonzo, na nimekuletea kimoja cha visanduku vinne. Abiria wa daladala anadai chenji yake, naye konda anampa pipi. Kesho yake konda anapodai nauli, abiria yule anammwagia pipi tele kiganjani. Kila ninayemwonyesha ananiuliza, “Hizi ni sarafu?” Nami nimechora kila kitu kwa uangalifu, hata skrubu za bodi la gari na maua ya kitenge cha mama aliyeketi dirishani. Vibonzo vya zamani vya Marekani, kama kile cha Nancy, vina mistari michache mno lakini vinaeleweka papo hapo. Je, wachoraji wale walikuwa wakikwepa kazi? — Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, hawakuwa wakikwepa kazi hata kidogo. Ernie Bushmiller alirithi kibonzo cha Fritzi Ritz mwaka 1925, akamwingiza Nancy, mpwa wa Fritzi, mwaka 1933, na ilipofika mwaka 1938 kibonzo kizima kikawa kinaitwa kwa jina la mtoto huyo. Desturi yake ilikuwa kuanzia kwenye kisanduku cha mwisho. Alitafuta kwanza ile picha ya kuchekesha itakayofunga kisa, kisha akarudi nyuma kisanduku kwa kisanduku, akipima msomaji anahitaji kuona nini ili picha ile imfikie bila kuelezwa, na kila kisichohitajika akakiacha nje. Ile michache unayoiona imebaki baada ya mchujo mkali, na kuchuja huchukua muda mrefu kuliko kujaza.

Kitazame kichwa chake Nancy. Nywele ni duara la wino mweusi lenye vijimwiba pembeni, na chini yake uso ni mweupe, karibu mtupu. Ukifungua gazeti, jicho linatua kwenye doa lile jeusi kabla hujasoma neno lolote, na doa likihama kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, jicho nalo linalifuata. Vitu vinavyomzunguka, iwe ngazi, uzio au mpira wa kumwagilia maji, vimechorwa kwa namna ambayo hakuna anayeweza kuvidhania kuwa kitu kingine. Na pale palipohitajika kuonekana kuwa ni uwanjani, mawe machache yalitosha.

Sasa nije kwenye pipi zako. Katika kisanduku cha pili umechora viduara vitatu vidogo juu ya kiganja, na nyuma ya kiganja kuna shati la konda lenye mistari. Kiduara kiganjani mwa konda ni sarafu. Hivyo ndivyo macho ya msafiri yeyote yalivyozoea, na hutayabadilisha kwa kuongeza maneno. Pipi hutambulika kwa karatasi yake iliyosokotwa ncha mbili. Chora moja tu, kubwa kuliko ilivyo kweli, ncha zake zikitokeza nje ya vidole, kisha lijaze wino shati lote ili mkono na pipi vibaki vyeupe mbele ya weusi. Skrubu zifute. Kitenge kile kimechorwa na mkono wenye kipaji, na ninajua itakuuma kukiondoa, lakini kinalivuta jicho dirishani wakati kisa kiko mlangoni.

Upo na utajiri mwingine ambao hujautumia. Kisa chako ni cha kulipizana, kwa hiyo kisanduku cha pili na cha nne vipangwe sawasawa: mkono unaotoa uwe pale pale, unaopokea pale pale, na sura zile mbili tu ndizo zibadilishane nafasi. Msomaji ataona mambo yamegeuka kabla hajasoma chochote, na huenda ukagundua kwamba kisanduku cha mwisho hakihitaji maneno kabisa. Anza kuchora hapo, urudi nyuma.

Usidhani kwamba udogo wa nafasi ni adui yako. Kibonzo cha Peanuts cha Charles Schulz kilipoanza tarehe 2 Oktoba 1950, katika magazeti 7, kiliuzwa kwa wahariri kama kibonzo cha kubania nafasi: visanduku vinne vilivyolingana, ambavyo mhariri angeweza kuvipanga kwa safu, kwa wima au kwa mraba. Uchache wa mistari yake ulitokana kwa sehemu na ufinyu huo, na kioo cha simu ambako wengi watakusoma leo si kipana zaidi.

SWALI: Je, uwazi huo ni wa vichekesho tu? Mimi huchora visa vya safari na mapigano, na kila nikijaza weusi ukurasa wote unageuka kiza. — Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, na ushahidi mzuri ni Terry and the Pirates, kibonzo ambacho Milton Caniff alikianzisha Oktoba 1934. Caniff alikuwa akifanya kazi studio moja na rafiki yake Noel Sickles, mchoraji wa Scorchy Smith, kisa cha rubani, na kwa Sickles ndipo alipojifunza kutumia brashi kuweka mapande mapana ya kivuli badala ya kuzungushia kila kitu mstari mwembamba. Mitambo ya uchapaji nayo ililipenda pande pana la weusi: michoro ilipunguzwa sana kabla ya kuchapwa, na karatasi ya gazeti hunywa wino, kwa hiyo mistari myembamba ilikatika au ikagandana.

Ukurasa wako umekuwa kiza kwa sababu weusi umetawanyika vipande vipande, kila nguo na kila mti na kipande chake. Uunganishe. Mlinzi aliyetupa mgongo karibu nasi awe mweusi mtupu, uwanja ulio mbele yake uachwe mweupe, na mtoro anayekimbia katikati ya weupe huo awe mdogo na mweusi. Hapo umbali na hatari vinaonekana pamoja. Panga haya kwanza kwenye vichoro vidogo vya ukubwa wa stempu, kwa kalamu nene isiyoweza kuchora pua wala vifungo, na usigeukie karatasi kubwa mpaka kichoro kidogo kimesomeka. Ukituletea ukurasa mwingine, ambatanisha na vichoro hivyo, kwani nitapenda kuanza na hivyo.